Mabakuli Sakafuni

Lango jipya la hospitali ya serikali lilitengenezwa na fundi seremala wa hospitali yenyewe, na rangi yake ilikuwa haijakauka vizuri siku mama yake mzazi alipopitishwa hapo akiwa amelazwa juu ya ubao wa mlango. Alikuwa ameteleza uani, kwenye jiwe la kufulia, akavunjika mfupa wa paja. Majirani walimbeba mpaka hospitali huku akiwatukana njia nzima kwamba wanamtikisa kama gunia la viazi, na mke wa fundi akitembea kando yao, amemkinga mkwewe jua kwa kipande cha nguo.

Langoni walisimamishwa na bawabu, askari mstaafu ambaye kila mtu alimwita Afande.

"Mgonjwa apite," alisema. "Nyinyi wengine mwisho wenu hapa."

"Mimi ni mkwe wake," alisema mke wa fundi.

"Mama, hata kama ungekuwa umemzaa wewe. Ni amri ya Daktari Mkuu. Kuonana na wagonjwa ni Jumapili alasiri."

"Na leo ni Jumatatu."

"Kumbe siku unazijua."

Watumishi wa hospitali wakaupokea ule ubao. Bi Mkubwa, mama yake fundi, ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kumnyamazisha, alinyamaza mwenyewe alipoona watu wake wanabaki nyuma. Akageuza shingo kwa taabu. "Mbona hamji?" aliuliza. Lango likafungwa, tena likafungwa vizuri, bila kukwaruza chini wala kulia, maana aliyelitengeneza alikuwa fundi kweli.

Fundi mwenyewe alifika mbio kutoka karakana, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Alikuwa ndani, mkewe yuko nje. Walitazamana kupitia mwanya mwembamba kati ya ubao na ubao.

"Lango zuri, baba watoto," mkewe alimwambia. "Halipitishi hata kijiko."

Fundi alisimama pale na nyundo yake mkononi mpaka Afande akamwambia, kwa upole wa mtu anayejua aibu ya mwenzake, "Nenda kazini, fundi. Watakuona umesimama."

*

Zamani, kabla ya Daktari Mkuu huyu kuja, mgonjwa alilazwa pamoja na ukoo wake. Ndugu walipika uani, wakafua uani, wakalala chini ya vitanda. Halafu ukaja ugonjwa wa kuhara damu, ukafagia wadi nzima, wagonjwa na wauguzaji wao. Daktari Mkuu alipofika alivunja vibanda vyote vya kupikia, akajenga jiko moja la hospitali, akaamuru chakula cha nje kisiingie na watu wa nje wasiingie. Na vifo vikapungua. Hilo nalo lazima lisemwe, kwa sababu kila mtu mjini alilijua, hata wale waliokuwa wakimlaani. Wadi ya Wazungu ilikuwa upande wa pili, juu kidogo, yenye ua wa maua. Huko hakukuwekwa lango.

Mguu wa Bi Mkubwa ulihitaji kuvutwa ili mfupa ujiunge sawasawa. Kwa hiyo fundi aliitwa wadi ya wanawake kufunga fremu ya mbao juu ya kitanda cha mama yake. Aliingia amevua kofia. Alikuwa ametengeneza nusu ya vitanda vya humo, lakini hajawahi kuviona vikiwa na watu. Chumba kilikuwa kirefu, kimepakwa chokaa, sakafu inang'aa kiasi cha kuonyesha vivuli vya wanawake waliolala pande zote mbili. Kilikuwa kimya. Wanawake wengi namna hiyo mahali pamoja, na hakuna anayezungumza!

Alifunga fremu. Msaidizi wa daktari, mwenyeji aliyesomea kazi hiyo ambaye watu walimwita Dresa, akapitisha kamba juu ya gurudumu dogo na kuning'iniza mfuko wa mchanga mwishoni. Mguu wa Bi Mkubwa ukainuka polepole. Maumivu yalimkunja uso, kisha yakaachia, na fundi aliona kwa macho yake mama yake akivuta pumzi nzima kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Mchanga tu na kamba! Alitamani kupiga magoti.

"Mchanga ndio unaonitibu?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Ndiyo, mama," alisema Dresa.

"Haya. Mke wa huyu yuko wapi?"

Fundi alijifanya anakaza skrubu. "Yuko nje, mama. Haruhusiwi."

"Nani atanilisha?"

"Watu wa jikoni watakuletea chakula, mama."

Bi Mkubwa akawatazama wote wawili kwa zamu. "Mfungwa ndiye anayeletewa chakula na mtu asiyemjua," alisema. "Mimi sijafungwa. Mimi naumwa."

*

Hakula siku hiyo, wala kesho yake. Alikunywa maji, akameza dawa zote bila ubishi, akatoa mkono wake achomwe sindano, lakini bakuli lilipoletwa alilisukuma. Dresa alimfuata fundi karakana.

"Mama yako hali," alisema. "Nimembembeleza mpaka nimechoka. Ana homa, fundi. Mtu wa umri ule, akikaa hivi tu, mguu utapona mwenyewe akiwa ameondoka."

"Anataka nini?"

Dresa akacheka kidogo ingawa hakupenda. "Anataka uji wa mkeo. Anasema ni mbaya, lakini ameuzoea."

Asubuhi fundi alimweleza mkewe, naye akaacha kufagia. Alikuwa ameishi na mama mkwe yule katika nyumba moja tangu aolewe. Uji wake ulikuwa mzito mno, au mwepesi mno, au umeungua, au hauna sukari. Siku ulipokuwa mzuri, Bi Mkubwa aliunywa wote kisha akasema kuni zilikuwa nzuri. Wangeweza kukaa wiki nzima bila kusemeshana, wakipitishiana chumvi kupitia kwa watoto.

"Amesema kweli anautaka wangu?"

"Amesema ni mbaya."

"Basi ni yeye," alisema mkewe, na macho yakamjaa. Aliinjika sufuria. Aliukoroga uji ule kwa muda mrefu, akauchuja, akautia kwenye chupa, akaizungushia matambara ili usipoe. "Utaupitisha wapi?"

Fundi alitazama sanduku lake la vyombo.

"Wakikukamata?"

"Nani atamkagua seremala, mama watoto? Nina misumari tu."

*

Alikamatwa mlangoni mwa wadi, saa za asubuhi, na muuguzi mkuu, mwanamke mmoja wa Kizungu, mrefu, aliyepewa jina la Funguo kwa ajili ya shada la funguo lililokuwa likimlia kiunoni. Si kwamba kuna mtu aliyechongea. Uji ulikuwa wa moto, na sanduku lilikuwa likitoa harufu.

"Fungua," alisema Funguo.

Fundi akafungua. Kati ya patasi na randa, chupa ilikuwa imelala ndani ya matambara kama kichanga.

"Nini hii?"

"Uji, Memsahibu. Wa mama yangu."

"Wewe najua amri?"

"Naijua, Memsahibu."

"Mwaga."

Aliambiwa aende kwenye mtaro wa maji machafu, mbele ya wafagiaji na wapishi na watumishi waliosimama na machela, akaambiwa aumwage polepole ili wote waone. Fundi alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, mwenye mvi mbili tatu kidevuni. Alichuchumaa akainamisha chupa. Uji ulikuwa mzito, haukutaka kutoka, ikabidi aigonge chupa kitakoni, na kila alipogonga Funguo alisema, "Yote." Mtumishi mmoja akaanza kucheka, kisha akaacha. Fundi alipoinua kichwa aliona madirisha ya wadi ya wanawake. Waliokuwa na uwezo wa kukaa walikuwa wamekaa. Waliokuwa na uwezo wa kusimama walikuwa wamesimama. Mama yake hakuweza kuinuka kwa sababu ya mguu, lakini kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na uso wake ulikuwa umegeukia huku.

Alimtazama mwanawe akikung'uta tone la mwisho, halafu akageuza uso ukutani.

*

Adhuhuri, Dresa aliingia wadi ya wanawake kutoa dawa, akasimama mlangoni na sinia lake.

Kila kitanda kilikuwa na bakuli pembeni yake, sakafuni. Kijiko kilikuwa kimelazwa juu ya bakuli. Mvuke ulikuwa bado unatoka, ukipanda wima kila mahali, safu mbili za mvuke kuanzia mlangoni mpaka ukuta wa mwisho. Na wanawake walikuwa wamelala wametulia, mikono juu ya shuka. Mama aliyejifungua juzi, bibi mwenye jeraha la mguu, mwanamke aliyeungua mikono ambaye kila siku alilishwa na mfagiaji, wote. Dresa aliuliza nani amewaambia wasile. Hakuna aliyejua. Aliuliza nani alianza. Hawakujua hilo pia, na alipowatazama nyusoni aliona hawamfichi.

Baadaye Dresa alijaribu mara nyingi kumsimulia mkewe alichoona, na kila mara alishindwa. "Hakukuwa na kitu," alikuwa akisema. "Mabakuli tu. Lakini niliogopa kukanyaga."

Daktari Mkuu aliitwa. Alikuwa mwanamume mfupi, mchovu, mwenye madoa ya dawa kwenye vidole, ambaye hakuwahi kuonekana amekaa. Alitembea katikati ya safu mpaka mwisho, akarudi. Akaokota bakuli moja, akaonja. Akasema kitu kwa lugha yake.

"Anauliza kama chakula ni kibaya," alisema Dresa.

Ikajibu sauti ya Bi Mkubwa, imekauka: "Mwambie ni kizuri. Mwambie mkwe wangu hajawahi kupika kizuri hivi."

Mwanamke mmoja aliguna kwa kicheko. Dresa akatafsiri. Daktari akasema maneno mengi, akihesabu kwa vidole.

"Anasema mwaka juzi watu walikuwa wakifa humu kwa uchafu wa chakula cha nje. Anasema ameona watoto. Anasema hawezi kurudisha mambo yale."

"Anasema kweli," alisema Bi Mkubwa. "Jirani yangu alikufa humu mwaka huo. Basi wanaokuja awaambie wanawe mikono. Mimi mwenyewe namwambia mkwe wangu kila siku anawe, wala sikumfukuza nyumbani." Alipumzika kidogo, maneno yalikuwa yakimchosha. "Lakini mwambie hivi, mwanangu, usipunguze. Mwambie leo nimemwona mwanangu amechuchumaa. Mimi ndiye niliyemfundisha kusimama. Mwambie chakula chake ni kizuri, lakini sasa hakipiti."

Kazi ya Dresa siku zote ilikuwa kupunguza. Alipunguza hasira za wagonjwa zikiwa zinapanda kwa Mzungu, na matusi ya Mzungu yakiwa yanashuka kwa wagonjwa, na kwa njia hiyo alikuwa amekaa kazini miaka mingi. Sasa akatafsiri yote, neno kwa neno, na sauti yake ikapanda bila yeye kutaka.

Daktari Mkuu alitazama bakuli lililokuwa bado mkononi mwake, kana kwamba amesahau lilifikaje hapo. Aliinama akalirudisha sakafuni pale pale alipolitoa, akalaza kijiko juu yake, akatoka.

*

Habari ilivuka lango kabla ya alasiri. Waliokuwa wameleta chakula kwa matumaini ya kumlainisha Afande hawakuondoka. Asubuhi iliyofuata walikuwa wengi zaidi, wamekaa chini barabarani na vikapu vyao mapajani, na mke wa fundi kati yao. Hakuna aliyepiga kelele, wala aliyegonga lango. Afande alizoea kelele. Kelele alijua namna ya kuzijibu. Hili lilimshinda. Alikuwa akitoka, anawatazama, anarudi ndani, anatoka tena.

"Mnataka nini sasa?" alimuuliza mke wa fundi.

"Tunangoja Jumapili, Afande."

"Jumapili bado!"

"Ndiyo maana tunangoja."

Ndani, mabakuli yaliletwa, yakawekwa sakafuni, yakapoa. Funguo alisema wasiokula wafukuzwe wakafie kwao. Daktari Mkuu alimuuliza atamfukuzaje mwanamke aliyefungwa mguu juu ya fremu. Watumishi walisikia ugomvi huo nyuma ya mlango wa ofisi. Homa ya Bi Mkubwa ilipanda. Dresa alimlowesha midomo kwa pamba, akamwambia taratibu, "Mama, kula kidogo tu, hakuna atakayejua."

"Hawa watajua," alisema Bi Mkubwa, akiwaonyesha wenzake kwa macho.

Mchana wa siku ya pili fundi aliitwa ofisini. Alikwenda amejiandaa. Dresa alikuwepo kutafsiri, na hakumtazama usoni.

"Daktari anauliza, meza ndefu ya kuwekea mabeseni ya kunawia, pale langoni, utaitengeneza kwa muda gani?"

Fundi alifikiri hakusikia vizuri. "Ya watu wangapi?"

"Wote. Kila mgonjwa, mtu wake mmoja. Kila adhuhuri. Wanawe kwa maji ya dawa, chakula kiwe cha moto na kifunikwe, wakimaliza watoke."

"Mbao ninazo," alisema fundi. "Kesho asubuhi itakuwa tayari."

Daktari Mkuu akaongea tena, safari hii akitazama dirishani.

"Anasema amri ilivunjwa. Anasema ameibadilisha, lakini ilipovunjwa ilikuwa bado amri, na makao makuu watauliza. Anasema lazima aandike kwamba kuna mtu alikosa." Hapo Dresa alimtazama. "Ukimaliza meza, fundi, umemaliza na kazi. Anasema anasikitika. Hilo amelisema mwenyewe, mimi sikuongeza."

Fundi aligeuza kofia yake mikononi. Alifikiria karakana, harufu ya mbao mbichi, watoto wake. Kisha akauliza, "Miguu ya meza niweke minne au sita? Mabeseni yakijaa ni mazito."

*

Adhuhuri ya kesho yake lango lilifunguliwa. Mke wa fundi alikuwa wa kwanza. Mumewe alisimama kando ya meza mpya, akiwaonyesha watu mahali pa kushika beseni lisimwagike, na mkewe alipopita karibu, alimwambia kwa sauti ndogo, "Nimekwisha, mama watoto."

"Najua. Afande ameniambia," alisema mkewe. Alizamisha mikono yake katika maji ya dawa, mekundu mepesi. "Tutaongea nyumbani. Meza imekaa sawa."

Aliingia wadi akiwa amekumbatia sufuria, na pale mlangoni akasimama. Hakutarajia ukubwa ule, wala usafi ule, wala nyuso zote zile zilizoinuka kwa pamoja. Hawa ndio waliokuwa wamelala na njaa. Walikuwa wamekonda, midomo imepasuka, na bado walikuwa wamekaa wima vitandani kama watu wanaopokea wageni. Ndugu wengine walijaa nyuma yake, wakatulia nao, kila mmoja akimtafuta wake kwa macho bila kuthubutu kuita.

Bi Mkubwa alikuwa amebaki macho tu. Mke wa fundi alipiga magoti, akafunua sufuria, akachota.

"Mama."

Bi Mkubwa hakufungua mdomo. Alielekeza kidevu upande wa ukutani. "Yule kwanza."

Kwenye kitanda cha mwisho alilala binti mwembamba, bega limefungwa bendeji. Aliletwa kwa lori la serikali kutoka kambi ya watengeneza barabara, mbali sana, na kwao hakuna aliyejua kama yu hai. Pembeni mwake hapakuwa na mtu.

"Lakini mama, wewe una homa, wewe ndiye…"

"Nimesema yule kwanza. Bado una masikio mabovu?"

Mke wa fundi akainuka, akaenda na sufuria yake mpaka ukutani. Binti alimtazama kwa wasiwasi, akajaribu kuvuta shuka.

"Ulikuwa unamngoja nani, mwanangu?"

"Simngoji mtu. Sina mtu huku."

"Sasa mbona hukula siku zote hizi? Lango hili kwako lilikuwa na nini?"

Binti alikunja uso. Ilionekana swali lenyewe halimwingii vizuri akilini.

"Wenzangu walikuwa hawali," alisema.

Mke wa fundi alibaki na kijiko hewani. Alikuwa ameingia humo na maneno mengi, ya kazi ya mumewe iliyokwisha, ya uji uliomwagwa mtaroni, ya mambo ya miaka kati yake na mkwewe ambayo njiani aliona leo yatasemwa. Yote yakamtoka. Aliketi ukingoni mwa kitanda kwa adabu, kama anayeketi mbele ya mkubwa wake. Akaupuliza uji. Akausogeza mdomoni mwa binti.

Nyuma yake wadi nzima ilikuwa kimya, wagonjwa na watu wao, mabakuli mikononi. Walingoja mpaka binti alipomeza. Ndipo vijiko vikaanza kulia.